Kumfundisha daktari kliniki, foleni ikiwa mlangoni

Wodini mgonjwa utamkuta kesho. Kliniki ya wagonjwa wa nje anaondoka baada ya dakika 15 au 20, kwa hiyo mhadhara hauna nafasi. Inayofaa ni mbinu ya "dakika moja", iliyochapishwa mwaka 1992, yenye hatua 5: daktari anayesomea ubingwa aseme uamuzi wake, aeleze sababu, umfundishe kanuni moja, umtajie alichopatia, kisha umrekebishe alipokosea.

Hatua ya kwanza ndiyo huharibiwa zaidi. Mkufunzi akisikia tu "kikohozi wiki tatu", anaanza kuuliza maswali yake, anafikia jibu na kuagiza vipimo. Mwanafunzi anabaki karani. Nyamaza kwanza. Muulize: "Unadhani ni nini, na ungefanya nini kama nisingekuwapo?" Kisha subiri, hata kimya kikikukera.

Kanuni iwe moja kweli. Mfano: presha ya 150/95 iliyopimwa mara moja, mgonjwa hana dalili, irudiwe siku nyingine kabla ya kusema ana ugonjwa wa presha. Na "umefanya vizuri" haifundishi kitu, sema, "Ulikagua dawa anazomeza kabla ya kuongeza nyingine."

Linalosahauliwa ni majibu ya vipimo. Yanarudi wakati daktari yule yuko zamu wodini, na hakuna anayeyasoma. Kila kipimo kiandikwe jina la mfuatiliaji na la msaidizi wake, siku ileile, kabla mgonjwa hajatoka.