Pipa langu la oili chafu lilikataliwa mara mbili

Gerejini wananiita Bi Oili, na sikasiriki tena. Mimi ni mtu wa stoo. Niliajiriwa kuhesabu filta na mikanda, si kuvaa glavu hadi viwikoni nikichungulia mapipa. Lakini kampuni yetu ndogo, inayokarabati trekta za kukokota mizigo na ngazi za abiria pale Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, iliandikiwa barua juu ya doa jeusi lililokuwa likitambaa kutoka nyuma ya gereji kuelekea mtaroni. Bosi akatazama huku na huku, macho yakatua kwangu.

Ushauri nilipewa bure, tena mwingi. Mmoja akasema ningoje mvua kubwa nifungue pipa usiku. Mwingine alikuwa na mteja wa boriti, maana oili chafu hupakwa boriti mchwa wasile, naye kamisheni yake alishaihesabu. Mzee, fundi wetu mkubwa, aliniita kando: "Mwanangu, oili hii tunaimwaga tangu wewe hujazaliwa, na mikoko ya Port Reitz ingali imesimama." Nikamwuliza kama anaikumbuka 2005, mafuta ya meli yalipomwagika bandarini Kilindini yakafika kwenye mikoko hiyo hiyo. Akakohoa, akaomba spana namba kumi na saba.

Basi nikatafuta gari lenye leseni ya kubeba taka hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Hilo ni simu tatu nne tu, na kuomba nakala ya leseni kabla hujakubaliana bei. Anayesema leseni ameisahau nyumbani, mwache abaki nayo huko huko nyumbani.

Gari likaja. Kuliingiza peke yake ni kazi, pasi za getini, askari, kungoja juani. Kijana akashuka, akafungua pipa, akachomeka fimbo, akanusa. "Dada, hii si oili. Hii ni mchuzi." Na kweli ilikuwa mchuzi: oili ya injini, kulanti (ile dawa ya kupoza injini), thina ya kusafishia brashi za rangi, maji ya breki, vyote pamoja, kwa sababu kwa akili yangu taka ni taka. Kumbe oili ikiwa peke yake kuna mtu anaitaka, hata hulipii kuiondoa, na siku nyingine unalipwa kidogo. Ukishaichanganya na thina, hakuna wa kuitaka, na wewe ndiye unayetoa pesa ikachomwe kwenye tanuri maalumu. Lile pipa la mchuzi lilitutoa elfu kadhaa. Bosi alitia saini bila kunitazama usoni.

Nikanunua mapipa mapya, nikayapaka rangi: jeusi la oili, kijani la kulanti, na jekundu dogo lenye mfuniko wa kubana kwa ajili ya thina. Matambara yenye mafuta nikayawekea debe la chuma lenye kifuniko, maana yakirundikwa yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Fundi wakacheka, kisha wakazoea. Nikajiona nimemaliza kazi.

Mwezi wa tano gari likaja tena, na hapa ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Oili ilikuwa safi, naapa, hakuna aliyetia kitu. Kijana akapaka fimbo yake ile dawa wanayotumia watu wa mafuta kupimia maji, akaizamisha hadi chini. Ikatoka imebadilika rangi, kiganja kizima. Maji! Pipa limefungwa, vizibo vimekazwa na Mzee mwenyewe, maji yameingia wapi? Nikamshuku mlinzi. Nikamshuku yule wa boriti, kwamba ananyonya oili na kutia maji kama muuza maziwa. Siku mbili nilikuwa nikivizia nyuma ya gereji na kikombe cha kahawa mkononi.

Mwizi alikuwa jua. Pipa likisimama nje, maji ya mvua hujaa pale juu, ndani ya ule ukingo wa mfuniko, na vizibo vinakaa ndani ya dimbwi. Mchana wa Mombasa pipa hupata moto, hewa iliyomo hutanuka ikasukumwa nje. Jioni likipoa ghafla, hewa hunywea, na pipa huvuta. Likivuta kizibo kikiwa majini, linakunywa maji, tone kwa tone, masika nzima. Na maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini kimya, juu huoni chochote. Aliyenieleza hayo ni jamaa anayepima mafuta ya ndege, wao kila siku huchota sampuli chini ya tangi kutafuta maji. Alinicheka kwanza.

Dawa yake ni kipande cha ubao. Ndiyo, ubao! Inua pipa upande mmoja, maji ya mvua yakimbilie upande usio na kizibo. Nilifanya hivyo wiki hiyo hiyo, bure kabisa. Baadaye bosi alikubali bati juu na sakafu ya zege yenye kuta fupi kuzunguka, ya kuweza kubeba pipa zima likipasuka na ziada kidogo, lakini mimi ubao wangu sikuutoa.

Filta tunazitoboa zikiwa moto na kuzipindua usiku kucha. Usingedhani filta moja kubwa inaficha oili kiasi gani.

Betri ndizo zilizonitia adabu. Watu wa skrepa huzitaka, na vijana wetu walikuwa wakimwaga tindikali kwanza zipungue uzito wa kubeba. Niliyazuia hayo. Nimekulia Changamwe, mtaa wa Owino Uhuru si mbali, na sote tunajua jinsi risasi, yale madini ya ndani ya betri, ilivyowatia sumu watoto wa pale hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo betri zinaondoka nzima, zimesimama, kwenye trei ya plastiki. Siku ya kwanza nilizipanga mwenyewe, leso kiunoni, leso yangu mpya iliyoandikwa "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Sikuona chochote. Nilipoifua jioni, neno "wali" lilibaki mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Sasa tuna aproni ya mpira, na ndoo ya magadi karibu. Tindikali ikidondoka unamwaga magadi mpaka povu linyamaze.

Mara ya tatu fimbo ilitoka kama ilivyoingia. Kijana akaifuta, akajaza fomu ya kufuatilia taka, akanipa nakala yangu. Nimeitia kwenye faili ya bluu, na yeyote anayekuja kukagua huonyeshwa hata asipoomba. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na jerikeni la lita tano.

"Kidogo tu, mwanangu. Ya uzio wa nyumbani."

"Mzee, shikamoo," nikamwambia, nikafunga kufuli.

Imebaki mirija ya taa iliyoungua, yenye zebaki ndani. Iko stoo, kwenye maboksi yake ya zamani, arobaini na moja kufikia jana, na mtu wa kuichukua bado namtafuta.