Ukiweza Kuimba, Ongeza Mwendo

"Mama, mbona ukitembea midomo inacheza?"

Jana hiyo, jioni, tunapanda kurudi nyumbani, mikaratusi inanukia mvua. Nikamwambia nahesabu hatua. Uongo mtupu.

Midomo ilikuwa inarudia kitu nilichokiokota zamani Tukuyu, kule milimani Mbeya. Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, nikakabidhiwa wagonjwa wa presha, nami nikaanzisha matembezi ya Jumamosi. Walikuja kina mama tisa na mzee mmoja ambaye, nadhani, alikuja kumchunga mkewe. Nikawapa somo: dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Na mwendo wa kutosha ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Nililipenda sana somo hilo, maana halitaki mashine.

Bibi mmoja, mwanakwaya wa Moravian, akanyoosha mkono. "Nesi, kwa hiyo nikiimba nimekosea?"

"Hujakosea, bibi. Ila ukiweza kuimba, ongeza mwendo."

Wakacheka, wakakaza vitenge, tukaondoka.

Njia ilipita kando ya mashamba ya chai, utelezi kama kawaida ya Tukuyu, Mlima Rungwe umefunikwa na ukungu wote. Kilima kilipoanza kukaza nikatazama saa, nikapaza sauti: "Twendeni, twendeni!" Bibi hakunijibu. Akaanzisha wimbo wa Kinyakyusa, chinichini, wenzake wakaupokea. Nilitaka kuwakatiza. Lakini mwendo haukupungua. Aliyeishiwa pumzi alinyamaza, wengine wakambebea ubeti, akipata pumzi anaingia palepale walipofika, kana kwamba hakuwa ametoka. Yeboyebo zinapiga matope kwa pamoja, cha, cha, cha. Hata yule mzee alikuwa anavuta besi.

Anayehema nilikuwa mimi, na viatu vyangu vya mazoezi.

Bibi akageuka. "Nesi, imba basi."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana. "Dawa imekuingia wewe mwanangu, sisi bado."

Juu wakafumba macho kuomba. Siku zile nilikuwa nimeacha kusali, sababu wanaonijua wanaijua. Nikabaki macho, nahesabu pumzi za mzee kwa kisingizio cha kazi. Sikumbuki nilifika ngapi. Nakumbuka nilipoteza hesabu, na sikuanza upya.

Kwenye ripoti nikaandika: watu 10, dakika 45. Masika ikaingia, matembezi yakafa. Kliniki iliyofuata presha ya bibi ilikuwa bado 160 kwa 100, daktari akamwongezea dozi. Nikamuuliza kama kutembea kunamsaidia. Akaniuliza kama nimejifunza ule wimbo.

Nilijifunza mstari mmoja. Mimi Mhehe, na maneno yake nadhani nayaharibu.

"Umefika hatua ngapi?" binti akauliza tulipofika getini.

"Elfu moja mia mbili," nikasema.