Upanga wa feleji kwa mfuko wa fundi cherehani

Katana, yaani upanga wa Kijapani, ya kufanyia mazoezi inapatikana kwa fedha ambayo mtu wa kipato changu anaweza kuidunduliza. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi. Nafanya iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, na wenzangu kwenye ukumbi wa kukodi, na tangu nianze nilikuwa natumia bokken, yaani upanga wa mti, aliouchonga seremala wa Majengo kwa mninga. Mwalimu aliponiambia, "Dada, mkono wako umetulia, sasa tafuta upanga wa chuma," nilifurahi, lakini nilijua kazi itakuwa kwenye kuchuja. Mtandaoni panga zinazong'aa ni tele, zote zinaitwa katana, na nyingi ni pambo la ukutani ambalo likipelekwa mazoezini linaweza kuua mtu.

Nasema kuua nikimaanisha. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kisu cha jikoni, lakini kikiwa bapa la sentimita 70 linalopungwa kwa nguvu kinaweza kukatika ghafla. Kibaya zaidi ni msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Kwenye panga nyingi za mapambo msuka ni nondo nyembamba iliyochomelewa kwenye bapa na kukazwa kwa nati huko mwisho. Siku weldingi ikiachia, bapa linaruka, na mazoezini kuna mtu amesimama mbele yako. Katana ya kazi, hata iwe ya bei ndogo, bapa na msuka wake ni chuma kimoja, msuka ni mpana, unaingia sehemu kubwa ya mpini, na unashikiliwa na kijiti cha mwanzi kinachoitwa mekugi. Kwangu hilo lilikuwa sharti la kwanza kabla hata ya kuuliza bei.

Wajapani wengi wanaofanya iaido hutumia iaito, upanga wa aloi ya zinki na alumini, kwa kuwa sheria za kwao zinabana sana panga za feleji. Iaito ni nyepesi na ni salama kwa kata, yaani mifuatano ya miondoko ya mazoezi, lakini haihimili kugongwa na kitu, na ukijumlisha gharama ya kuisafirisha ilinipita. Nikabaki na panga za chuma cha kaboni kutoka China, ambako mji wa Longquan, mkoa wa Zhejiang, una sifa ya kufua panga tangu enzi na enzi.

Hapo ndipo unakutana na namba. 1045, 1060, 1095: tarakimu mbili za mwisho zinakuambia kiasi cha kaboni, yaani asilimia 0.45, 0.60 na 0.95. Kaboni ikiwa kidogo chuma kinakuwa laini, ukikosea pigo kinapinda badala ya kuvunjika, ila makali yanaisha upesi. Ikiwa nyingi makali yanadumu, lakini fundi asipopima vizuri moto wa kukipunguza ugumu, kinamegeka. Kuna pia 9260, feleji ya springi yenye silikoni karibu asilimia 2, inayopinda na kurudi. Mimi nilichagua 1060. Ipo katikati, bei yake ni ya kistaarabu, na hata karakana ya kawaida inaweza kuipa moto sawasawa. Muuzaji anayekusukumia 1095 kwa bei ya 1045 muulize maswali mawili zaidi kabla ya kuendelea.

Kabla sijalipa chochote nilipanda Mamba, kule Marangu, kwa wahunzi. Wanafua mikuki na sime kwa springi za magari, nami nilitaka kujua kama fundi wa nyumbani angeweza kunifulia. Nilimsalimu mzee mmoja, akaniitikia marahaba, akaitazama picha kwa muda mrefu. "Sime nakufulia leo hii, mwanangu. Huo mrefu moto utanishinda." Akanieleza sababu. Chuma chekundu kikizamishwa kwenye mafuta, upande mwembamba unapoa kabla ya ule mnene, na bapa linajikunja. La sime ni fupi, linanyooshwa. Refu linaweza kupasuka, na ufa wake usiuone kwa macho. Namheshimu sana mzee yule kwa kuikataa fedha yangu. Maelezo yake yalinifaa kuliko matangazo yote niliyoyasoma, maana niliporudi kwa wauzaji niliacha kuuliza habari za nakshi na nikaanza kuuliza habari za moto.

Nakshi yenyewe inakula fedha. Ule mstari wa mawimbi kwenye makali, hamon, kwa upanga uliofuliwa kwa njia ya asili unatokana na udongo unaopakwa mgongoni ili makali yapoe haraka na mgongo upoe polepole. Kwenye panga za bei ya chini mara nyingi umechorwa tu kwa asidi au kusuguliwa. Nikaandika wazi: sitaki hamon, sitaki joka kwenye tsuba, kile kikinga mkono kati ya bapa na mpini, sitaki ala ya rangi mbili. Nataka bapa lisilotiwa makali, lenye mfereji ubavuni karibu na mgongo ili lipungue uzito, mpini uliofungwa kwa pamba, na mekugi mbili. Kisha nikaomba picha ya msuka mpini ukiwa umevuliwa, uzito kwa gramu, na umbali kutoka tsuba hadi mahali upanga unapojisawazisha kidoleni. Wauzaji wengine walinyamaza. Aliyejibu yote, tena kwa picha za upanga wenyewe, ndiye aliyepata fedha yangu, dola 180 hivi pamoja na usafiri.

Urefu niliupima kwa futi yangu ya kushonea. Bapa hupimwa kutoka ncha hadi kwenye kipandio kidogo cha mgongoni ambapo bapa linaishia na msuka kuanza, ndani ya kikuku cha shaba kilicho mbele ya tsuba. Kwa kimo cha sentimita 165 hivi, mwalimu alinishauri shaku 2 na sun 3, vipimo vya Kijapani, ambavyo ni karibu sentimita 70. Ukichukua mrefu kwa sababu unapendeza, ncha itakwama kwenye ala kila unapochomoa, na bega litakueleza usiku.

Suala la serikali nililiweka mbele. Kwenye orodha ya forodha inayotumika duniani panga zina namba yake, 9307, ndani ya sura ya 93, ambayo ni ya silaha. Kwa hiyo nilianza kituo cha polisi nikiwa na barua ya mwalimu, nikaeleza ni kitu gani, cha nini, na kitakaa wapi. Baadaye nikamtafuta wakala wa forodha, naye akanipigia hesabu za ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla mzigo haujaondoka China. Barua hiyo hadi leo iko kwenye mfuko wa upanga, maana kwenye daladala kitu kirefu namna hii watu wanakiulizia, na ni haki yao.

Upanga ulipofika niliupeleka Mamba. Mzee alifumba jicho moja akautazama kuanzia mpinini hadi nchani, kama seremala anavyotazama ubao, akasema umenyooka. Akapitisha tupa kwenye msuka, ikang'ata. Kwenye ukingo wa bapa ikawa inateleza zaidi ya kung'ata. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mekugi moja ilikuwa imelegea, tukachonga nyingine kwa mwanzi mkavu uliokaa juu ya jiko. Usijaribu kuweka msumari hapo. Chuma kinapanua tundu la mpini, wakati nyuzi za mwanzi zinashika hata zikibonyea. Mekugi naziangalia kila kabla ya mazoezi.

Matunzo hayanigharimu kitu. Wajapani hupaka mafuta mepesi yenye harufu ya karafuu. Mimi napaka mafuta ya cherehani, ambayo ni mepesi vilevile, na tone la mafuta ya karafuu kutoka Pemba kwa sababu naipenda harufu yake. Nafuta ya zamani kwa kitambaa laini cha pamba, napaka mapya membamba, na sigusi bapa kwa kidole, maana chumvi ya jasho inaacha alama ya kutu, hasa kwenye masika. Upanga wa makali anao mwalimu peke yake. Huo ndio tunaokatia migomba, na unafutwa papo hapo kwa sababu utomvu wake unaacha madoa meusi kwenye chuma.

Sasa kuna kijana wa Rau aliyeruhusiwa kuacha bokken, na ameniomba nimsaidie kuchagua. Ni mrefu, anakaribia sentimita 180, kwa hiyo tunatafuta bapa la sentimita 75. Muuzaji tumeshamwandikia atutumie picha ya msuka.