Nilivyoachana na mkorogo

Kwenye arusi ya dada yangu hapa Lamu, nilikuwa nimekaa nyuma yake nikimpepea. Mgeni mmoja akamwuliza mama, "Na huyu mweusi, naye ni wako?" Mama akacheka, akasema, "Ni wangu." Nilikuwa na miaka 24, na swali lile nililala nalo.

Wiki ile ile nikanunua mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua ngozi, kopo halina hata lebo. Baada ya mwezi nikang'aa. Watu wakaanza kunisifu, na sifa zile ndizo zilizonifunga kuliko dawa yenyewe. Simu nayo ilichangia: kamera yake ilikuwa na mpangilio wa kulainisha uso, umewashwa tangu dukani. Nikijipiga picha napata pua nyembamba na ngozi isiyo na kitundu, kisha natazama kioo na kujiona kinyago.

Kufikia mwezi wa saba wa kujipaka, mashavu yalikuwa mekundu, yana vijishipa kama nyuzi. Kukaa mbele ya jiko nikawa siwezi. Vifundo vya vidole vilibaki vyeusi tii. Pale mkorogo haushiki, na ndipo wanawake wenzangu walipojua.

Bibi yangu alikuwa somo, yaani mwalimu wa maharusi, amewasinga wengi kwa singo ya liwa, ule mti wa kunukia, na marashi. Alinipitisha kidole shavuni taratibu. "Mjukuu wangu, ngozi imekuwa ganda la kitunguu. Kesho twende kwa daktari."

Daktari alitaka kujua kilichochanganywa. Nikamrudia muuzaji, akanionyesha losheni na tyubu mbili, moja ya klobetasoli. Ile ni steroidi kali, ya kutibu maradhi ya ngozi kwa muda mfupi, na usoni haifai kupakwa hivi hivi. Hukondesha ngozi. Tyubu ya pili haikusema ina nini, basi daktari akahofia zebaki, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake na kuumiza figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 unapiga vita vipodozi vya zebaki, lakini bado vinauzwa. Nilipimwa mkojo, na alhamdulillahi figo zilikuwa salama.

Hakuniambia niache ghafla. Alinipa malhamu hafifu, nikawa nayapunguza wiki baada ya wiki, pamoja na krimu ya kukinga jua. Hata hivyo uso ulivimba, ukawasha usiku kucha, ukawa mwekundu kuliko mwanzo. Mara mbili nilifika hadi kwenye mlango wa duka lile. Bibi alihamia chumbani kwangu, akawa ananiwekea kitambaa cha maji baridi na kunishika mikono nisijikune. Siku hizo ndipo nilipozima ule mpangilio wa kamera. Nilimweleza mama pia kuhusu swali la arusini. Hakulikumbuka kabisa, na hilo liliniuma mno.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Rangi yangu imerudi, ila vijishipa viwili vimebaki shavu la kushoto.

Mwezi uliopita tulikuwa tunampaka hina binamu yangu. Wasichana wawili wadogo walikuwa wanacheza mkekani, na mama mmoja akasema, "Huyu mweupe ndiye atakayeolewa mapema." Nikamwambia, "Shangazi, tafadhali, usiseme hivyo mbele yao. Wanasikia." Chumba kizima kikanyamaza. Bibi hakuinua kichwa. Aliendelea kusaga liwa, kisha akamwita yule mweusi aje amshikie bakuli.