Historic na historical

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na jozi ninayoipenda kuliko zote ni historic na historical. Kwa Kiswahili yote mawili tunasema “ya kihistoria”, ndiyo maana yanawachanganya wanafunzi. Historical ni chochote kinachohusu mambo ya zamani, hata stakabadhi ya kodi ya kichwa enzi za Mwingereza. Historic ni tukio lenye uzito wa pekee: Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipopata uhuru na mwenge ukawashwa kileleni Kilimanjaro. Stakabadhi ile haiwi historic kwa uzee wake tu! Economic na economical ni rahisi zaidi: sera ya Benki Kuu ni economic, jiko linalokula mkaa kidogo ni economical.