Siku moja maishani mwangu: barabara ya msituni na kuni zake

Saa 12 asubuhi

Mapema hivi, kabla jua halijapenya kwenye matawi, ndiyo saa nzuri ya kupima barabara. Macho hayajachoka na ardhi inaonekana ilivyo. Leo mimi na mdogo wangu tulikuwa na kipande kimoja cha kuwekea vigingi: kutoka kwenye banda la kuni kupanda hadi sehemu ya juu ya msitu wetu. Huko kuna miti iliyoanguka na mingine iliyokauka ikiwa bado imesimama, na hakuna anayeifikia ila kwa miguu.

Tunapima kwa fremu A. Ni fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi hiyo, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Miguu yake imetengana mita 2. Ukiisimamisha na kamba ikatulia kwenye alama ya katikati, ujue miguu yote miwili iko usawa mmoja. Lakini sisi tunataka barabara ipande, tena ipande taratibu, kwa hiyo tunafunga kipande cha mti chenye urefu wa sentimita 16 chini ya mguu wa nyuma, ule ulio upande wa bondeni. Kamba ikirudi katikati, hapo mwinuko ni asilimia 8, yaani sentimita 8 kwa kila mita 1. Piga kigingi, inua fremu, songa mbele, piga kingine.

"Kaka, tukinyoosha hapa hapa kwenda juu si tutafika haraka?" mdogo wangu aliniuliza, akionyesha mgongo wa kilima.

"Tutafika haraka, na maji nayo yatashuka haraka kwa njia hiyo hiyo."

Barabara inayopanda kilima moja kwa moja inageuka mfereji mvua ya kwanza kubwa ikinyesha. Maji yakipata kasi, nguvu yake ya kukokota udongo hupanda kuliko kasi yenyewe, na ukishaona korongo katikati ya njia, kulifukia ni kazi isiyoisha. Ndiyo maana tunapinda, tunafuata kontua, yaani mstari unaozunguka kilima kwa usawa mmoja, tunakubali njia iwe ndefu. Asilimia 10 tumeifanya kuwa mwisho wetu. Mahali pafupi penye mwamba pengine utalazimika kufika 12, lakini kwa mita chache tu, kisha ulaze njia tena.

Wapo wanaosema msitu ukipasuliwa barabara umeharibika. Mimi naona kinyume chake, na nalisema hili kwa moyo wote: msitu wenye kuni na usio na barabara huishia kuwa na barabara kila mahali. Kila gogo linaburutwa kivyake, kila trekta linajitafutia upenyo wake. Na udongo wa msitu hauhitaji kukanyagwa sana ili ushindiliwe, kwani sehemu kubwa ya madhara hutokea magurudumu yanapopita mara chache za mwanzo. Vitundu vya hewa na maji vikishabanwa, mizizi inakosa pumzi kwa miaka mingi. Heri nitoe ukanda mmoja mwembamba kwa magurudumu, eneo lote linalobaki liachwe kwa miti.

Saa 1 na nusu

Miti iliyo ndani ya mstari ndiyo ya kwanza kutoka, na ndiyo itakayokuwa kuni. Njia ikipita mahali penye miti miwili, mmoja wenye afya na mwingine uliokwisha kufa nusu, tunasogeza vigingi ili uondoke ule wa pili.

Kabla ya kuwasha msumeno wa mnyororo natazama juu kwa muda mrefu. Tawi lililokauka na kunasa kwenye matawi ya mti jirani linaweza kudondoka kwa mtikisiko wa injini tu, na limewaua wakataji wengi wenye uzoefu. Kisha natazama mti unaegemea wapi, upepo unatoka wapi, na nasafisha njia yangu ya kukimbilia, nyuma na upande, mshazari na mahali mti utakapoangukia. Mdogo wangu anasimama mbali, umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Hakuna anayekata akiwa peke yake msituni. Hilo halina mjadala.

Mkato wa mbele, ule mdomo, unaingia kiasi cha robo ya unene wa shina. Kisha mkato wa nyuma, na hapa ndipo utulivu unapohitajika: haupiti hadi mwisho. Unaacha ukanda wa mbao ambao haujakatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Huo ndio bawaba. Ndio unaoushika mti na kuuongoza wakati wa kulala. Ukiukata wote, mti unaamua wenyewe pa kwenda. Kabari ya plastiki inaingia nyuma ya msumeno, unaigonga, nyuzi zinalia, mti unaanza kuinama polepole, nawe unaondoka kwa njia uliyoisafisha bila kusimama kuutazama.

Mmoja tuliuacha japo ulikauka zamani. Shina lake lina matundu ya ndege kigong'ota na gome limeachana na mti, chini yake kumejaa wadudu. Ulikuwa pembeni kidogo ya mstari na hauelekei njiani. Mti mfu uliosimama una wapangaji wengi, na kuni tunazo za kutosha.

Saa 3

Kuanzia hapa ni jembe, sururu na beleshi, na trekta dogo lenye blade ya nyuma pale ardhi inaporuhusu.

Kwanza tunaondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye majani yaliyooza na mizizi midogo. Ni udongo mzuri kwa kila kitu isipokuwa barabara: unashika maji, unalainika, na ukizidi kuoza unabonyea. Tunaurundika pembeni, upande wa juu, ili baadaye tuutandaze kwenye kingo zilizochimbwa na nyasi ziote upesi.

Chini yake ndipo unapopata udongo mgumu wa kuchongea barabara. Kwenye ubavu wa kilima tunachimba upande wa juu na kile kifusi tunakilaza upande wa chini, lakini si kwa kukimwaga tu. Kinawekwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi sentimita 20, linashindiliwa ndipo linafuata lingine. Ukimwaga lote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na ndani patakuwa patupu.

Nililolisimamia zaidi leo ni visiki. Kipindi kizima cha asubuhi mdogo wangu na jirani aliyekuja kutusaidia walikuwa wanaving'oa na kuviviringisha mbali, na kuna wakati jirani alisema tuvifukie kwenye kifusi, vitajaza pengo na kazi itapungua. Nikamwambia, "Hapana, ndugu yangu, hicho ni shimo la miaka michache ijayo." Kisiki kilichofukiwa kinaoza, kinaacha uwazi, na siku moja gurudumu lenye mzigo linazama. Zaidi ya hapo, mbao inayooza ndani ya kifusi inatengenezea maji njia ya chinichini, na ukingo mzima unaweza kuteleza. Visiki vyetu tumevipanga chini kabisa ya ukingo, nje ya barabara, vishike udongo unaoporomoka.

Upana ni mita 3, tunaongeza kwenye kona ili trekta lenye tela lisikwangue miti ya ndani. Na uso wa barabara hatuuachi bapa. Unainama kidogo kuelekea bondeni, kama asilimia 4, ili maji ya mvua yavuke njia yakiwa bado membamba na yaingie kwenye majani ya msitu yaliyo chini. Wengine hupenda mtaro wa upande wa juu. Mtaro nao ni mzuri pale njia inapokuwa na utelezi au mzigo mzito, lakini unakusanya maji, na maji uliyoyakusanya lazima uyatafutie kalavati, na kalavati lazima lizibuliwe. Kwa barabara inayopita trekta mara chache kwa juma, mimi nachagua kutawanya maji kuliko kuyakusanya.

Pale njia inaposhuka kwa urefu tunaweka matuta ya kukinga maji, mshazari, nyuzi 30 hivi, na mdomo wake wa chini ukiwa wazi kabisa. Kwa mteremko wa asilimia 10 hatuachi zaidi ya mita 25 kati ya tuta na tuta.

Saa 6

Mapumziko. Tulikaa juu ya magogo, tukanywa maji mengi, tukanyoosha migongo.

Saa 7 na nusu

Mchana ni wa kuni. Magogo ya asubuhi tuliyakata vipande vya sentimita 40, urefu unaoingia mekoni bila kulazimisha, kisha mdogo wangu akashika shoka la kupasulia na mimi nikawa napanga.

Kuni mbichi ni mbichi kweli. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto lazima uyachemshe yote kabla haujakupa joto. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kunakula nishati ya takriban megajuli 2.3, na moto unaohangaika na maji unatoa moshi mzito unaoganda kwenye dohani na kuchoma macho ya anayepika. Kwa hiyo kuni za leo si za kuwashwa leo. Zinasubiri unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Mbao laini iliyopasuliwa vizuri na kupata upepo inaweza kufika hapo kwa miezi 6, ngumu zinataka mwaka mzima, pengine miwili.

Kupasua ndiko kunakoharakisha. Gome ni koti la mti, kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na gogo zima lenye gome linaweza kuoza ndani kabla ya kukauka. Ukilifungua, unyevu unapata pa kutokea. Mdogo wangu amejifunza kusoma nyufa. Analitazama gogo kichwani, anatafuta ufa uliokwisha kuanza kutoka kiini kwenda nje, anapiga hapo hapo. Penye fundo la tawi anapakwepa, anaanza kwa kumenya pembeni.

Kupanga nako kuna utaratibu wake. Chini tunalaza fito mbili ili safu isiguse udongo. Safu moja moja, si rundo, ncha zikielekea upepo unakotokea. Paa la bati juu, pembeni wazi. Wanaofunika kuni kwa turubai hadi chini wanafungia unyevu ndani, na ukungu ndio unaofaidi. Za zamani tulizigonga mbili mbili: zilizokauka zinalia kwa sauti kali na ya juu, na mbichi zinatoa kishindo kizito. Ncha za zile kavu zina nyufa kama miale na gome linabanduka kwa kidole. Hizo ndizo zilizosogezwa mbele zitumike.

Jirani aliomba mzigo wa kupeleka kwa ndugu yake anayekaa mbali sana. Nilimpa za hapa kwake, za huko nikamkatalia kwa upole na kumweleza sababu. Kuni husafirisha wadudu na magonjwa ya miti. Huko Marekani, mdudu wa kijani anayeitwa kitaalamu Agrilus planipennis aligunduliwa Michigan mwaka 2002, akaangamiza miti ya ashi kwa mamilioni, na kuni zilizobebwa kwa magari ni mojawapo ya njia zilizomsambaza. Kuni zichomwe karibu na zilipokatwa.

Saa 9 na nusu

Mvua ikashuka, na mimi nikachukua beleshi nikaenda barabarani. Mdogo wangu alidhani tumemaliza. Nikamwita, "Njoo uone, mdogo wangu, hii ndiyo saa ya kukagua."

Hakuna kipimo kinachoishinda mvua. Kwenye kipande cha wiki zilizopita maji yalivuka njia yakiwa membamba, yakaingia kwenye majani na kupotea, safi. Kwenye kona ya pili yalikuwa na rangi ya udongo: tawi lilikuwa limeziba mdomo wa tuta, maji yakapanda juu yake na kuanza kuchora mstari. Tuliondoa tawi, tukapanua mdomo kwa beleshi, na kabla hatujanyoosha mgongo maji yalikuwa yameacha kupita kwenye mstari ule. Kazi ya dakika chache, ikifanywa mvua ikinyesha. Ikiachwa hadi msimu uishe inataka trekta na kifusi.

Pale kwenye kijito tulisimama zaidi. Barabara inakivuka kwa pembe mraba, mahali pembamba penye kingo ngumu, na kabla ya hapo tuta la mwisho linayatoa maji ya barabara yaingie msituni, yasimwagike kijitoni. Leo kijito kilikuwa na rangi ile ile juu na chini ya kivuko. Mdogo wangu ndiye aliyeliona kwanza, nikafurahi kuliko nilivyoonyesha.

Saa 11 jioni

Mnyororo unanolewa kila jioni: tupa ya mviringo, nyuzi 30, misukumo sawa kwa kila jino, kushoto kisha kulia. Mnyororo butu unamlazimisha mtu akandamize, na anayekandamiza hana udhibiti. Vumbi lake pia linakwambia hali yake. Meno makali yanatoa chembe nene, meno butu yanatoa unga.

Trekta halitaingia barabarani kesho. Udongo uliolowa ukipitiwa na magurudumu unaacha mitaro miwili, na mitaro hiyo ndiyo mifereji ya mvua ijayo. Tutasubiri hadi kisigino kisiache alama. Wakati huo tutabeba kokoto kwa toroli hadi kwenye mdomo wa tuta la kona ya pili: kokoto zilizovunjwa, zenye pembe, maana hizo zinashikana, si zile za mtoni zilizolainika na zinazobiringika. Zikishalala pale, maji yatatua juu ya jiwe na hayatachimba.