Siku moja maishani mwangu: kuhesabu anwani za IP mwisho wa mwezi

Saa mbili asubuhi. Ofisi iko Dar es Salaam, ila seva tunazozihudumia ziko Johannesburg, kwenye eneo la Azure, huduma ya seva za kukodi ya Microsoft, ambalo walilifungua mwaka 2019. Kabla sijagusa barua pepe, huwa naangalia kila sabneti, yaani kila kipande cha mtandao pepe wetu, imebakiwa na anwani ngapi za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni. Naandika `Get-AzVirtualNetworkUsageList`, majibu yanatoka: sabneti ipi, zimetumika ngapi, kikomo ni ngapi. Leo ile inayobeba mfumo wa malipo inasoma 231 kati ya 251. Asilimia 92. Tahadhari tumeiweka ilie ikifika 95, kwa hiyo simu za watu wote ziko kimya.

Saa tatu. Kijana mpya wa timu anasogeza kiti. "Dada, sabneti ya ukubwa wa /24 kama hii si ina anwani 256? Hizo tano zimekwenda wapi?" Namchorea. Kwenye kila sabneti Azure hujichukulia tano: ya sifuri ni ya mtandao wenyewe, ya 1 ni ya lango, ya 2 na ya 3 ni za DNS inayogeuza majina kuwa anwani, ya 255 ni ya matangazo kwa mtandao mzima. Kwenye sabneti kubwa huoni pengo. Ukikata /29 yenye anwani nane, unabaki na tatu tu.

Saa nne. Hapa ndipo siku yangu ilipo hasa. Usiku huu tumepanga kupandisha toleo la Kubernetes, programu inayoendesha mfumo wetu wa malipo juu ya mashine kadhaa, na kesho mishahara inaingia: watu watanunua LUKU, watalipa ada na kodi za nyumba, na mfumo utaongeza nodi, yaani mashine hizo, wenyewe. Mfumo wetu unatumia ule mpangilio wa zamani ambao kila podi, yaani kifurushi cha programu kinachokaa ndani ya nodi, inapata anwani kutoka sabneti ileile ya nodi. Nodi inapozaliwa inachukua anwani yake moja na kushika nyingine 30 za podi, hata kama podi zilizopo ni sita. Ni kama harusi iliyowekewa viti vya wageni ambao hawajathibitisha. Nodi saba mara 31 ni 217. Kupandisha toleo kunahitaji nodi moja ya ziada ya kupokea podi wakati nyingine inafungwa, yaani anwani 31. Tunazo 20.

Tena kuna la pili. Kwenye mipangilio, nodi zimeruhusiwa kuongezeka hadi kumi. Kumi mara 31 ni 310, na sabneti nzima ina 251. Yaani kikomo hicho kimeandikwa tu, hakifikiki. Kesho nodi ya ziada ingegoma na ujumbe wa `SubnetIsFull` wakati foleni ya malipo imejaa. Ndiyo maana siiamini asilimia peke yake. Asilimia 92 kwenye sabneti ya mashine zisizobadilika si tatizo, lakini kwa Kubernetes 92 hiyo inamaanisha huwezi kuongeza hata nodi moja.

Saa tano na nusu. Nasaka zile anwani 14 zilizo nje ya nodi (231 kutoa 217). Moja ni ya kigawa mzigo cha ndani, kinachogawa maombi kwa nodi, hiyo haiguswi. Sita ni kadi za mtandao zilizobaki baada ya mashine zake kufutwa. Mashine imekwenda, kadi ipo, na anwani bado imeshikwa. Nne ni za mashine pepe za majaribio zilizozimwa. Wengi hudhani ukizima mashine anwani inarudi. Hairudi mpaka kadi yenyewe ifutwe. Tatu ni za viungo binafsi vya hifadhidata, na kimoja kinaelekea hifadhidata ambayo haitumiki tena. Nawaandikia wenye mali kuomba ruhusa ya kufuta.

Saa saba, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa nane. Ruhusa zimekuja, nimefuta 11. Sasa zimebaki 31, kamili kwa nodi moja, bila hata anwani ya akiba. Namwambia bosi wazi: toleo tusipandishe leo. Anauliza kama hesabu si inatosha. Inatosha leo usiku, kesho saa nne haitoshi. Anakubali kusogeza.

Saa tisa. Suluhisho ni sabneti mpya ya /22 ndani ya mtandao pepe uleule: anwani 1,024, ukitoa tano 1,019, zinazotosha nodi 32. Sioni sababu ya kubana anwani za ndani. Fungu la 10.0.0.0/8 lilitengwa kwa matumizi binafsi, kama waraka wa kanuni za intaneti RFC 1918 wa mwaka 1996 unavyosema, na lina anwani zaidi ya milioni 16 ambazo hakuna anayelipia. Kinachotakiwa ni zisigongane na za ofisi wala za benki tunayounganishwa nayo kwa VPN, njia ya siri ya mtandao. Nalinganisha na daftari letu la mafungu, nachagua, kisha natuma maombi benki waruhusu fungu jipya kwenye ukuta wao wa usalama wa mtandao. Bila hilo nodi mpya zingewaka vizuri na malipo yasingetoka.

Saa kumi na moja jioni benki wanajibu kwamba tayari.

Saa mbili usiku. Naongeza kundi jipya la nodi kwenye sabneti mpya, kwa kuanzia mbili. Tunajaribu muamala mdogo kutoka podi iliyo huko, unapita. Kundi la zamani nalishusha kikomo kutoka kumi hadi nane, idadi ambayo sabneti yake inaweza kubeba kweli. Kundi jipya naliruhusu hadi kumi na mbili.

Saa tatu usiku naandika maelezo ya zamu ya kesho: sabneti mpya inasoma 62 kati ya 1,019. Tahadhari nimeibadilisha, sasa italia anwani zilizobaki zikishuka chini ya 62, yaani nafasi ya nodi mbili, asilimia iwe yoyote. Wiki ijayo tunaanza kujaribu mpangilio ambao podi zina fungu lao nje ya mtandao pepe na nodi inachukua anwani moja tu.